Mlango wa Mbele Unakula Rangi Kiasi Gani?

Mlango wa mbele hupakwa rangi kwa sababu mbili, na wengi wetu hukumbuka moja tu. Ya kwanza ni sura: anayebisha hodi huuona mlango kabla hajakuona wewe. Ya pili ndiyo inayoamua ununue lita ngapi. Rangi inazuia mvua na jua visiifikie mbao, na kazi hiyo inaiweza pale tu inapokuwa na unene wa kutosha. Mlango wa chumbani unaweza kuishi miaka mingi na rangi nyembamba bila kulalamika. Mlango wa mbele unaotazama magharibi, au uliojengwa mahali penye upepo wa bahari, utaanza kupasuka na kubanduka rangi mapema.

Ndiyo maana makadirio yana uzito. Ukinunua rangi nyingi kupita kiasi, fedha inalala kwenye kopo stoo. Ukinunua pungufu, hasara inahamia mlangoni, maana rangi huisha kazi ikiwa katikati na hapo watu hufanya moja kati ya mambo mawili. Wapo wanaokimbilia dukani kununua kopo jingine, wakarudi na rangi ya jina lilelile iliyotengenezwa siku nyingine, na mlango ukawa na vivuli viwili. Wapo wanaoongeza tina ili kilichobaki kitoshe. Hili la pili ni baya zaidi, kwa sababu siku ile halionekani.

SANDUKU: Tina haiongezi rangi

Lita moja ya rangi ya mafuta ikipakwa kwenye mita za mraba 12 huacha utando mbichi wenye unene wa mikroni 83 hivi (mikroni 1,000 ni milimita 1). Rangi nyingi za mafuta hupoteza karibu nusu ya ujazo wake zinapokauka, kwa kuwa kimiminika huruka hewani. Kinachobaki ni mikroni 40 hivi. Mikono miwili ya rangi inakupa kama mikroni 80, unene unaokaribiana na wa unywele wa mtu. Hicho tu ndicho kinachosimama kati ya mbao yako na masika.

Sasa ongeza robo lita ya tina kwenye lita ile. Itafika mita za mraba 15 badala ya 12, na utadhani umepata faida. Lakini tina yote itaruka. Rangi iliyobaki ni ileile ya mwanzo, ila imetandazwa pakubwa zaidi, na unene wa kila mkono umeshuka hadi mikroni 33. Tumia tina kwa kiasi kile tu ambacho kopo limeelekeza, ili brashi iteleze vizuri. Usiitumie kutafuta lita.

Unachohitaji

Futi kamba, kalamu, karatasi na kikokotoo cha simu. Pima kwa mita. Kama futi yako ni ya inchi peke yake, zidisha inchi kwa 0.0254 upate mita. Kama tayari una futi za mraba, gawa kwa 10.76 upate mita za mraba. Mlango wa futi 7 kwa futi 3, ambao maseremala wengi huutengeneza, una futi za mraba 21, yaani mita za mraba 1.95.

Hatua za kukadiria

1. Pima urefu na upana wa mlango, uzidishe. Mlango wa mita 2.1 kwa 0.9 una uso wa mita za mraba 1.89. Ukipaka nje na ndani rangi moja, zidisha kwa 2, upate 3.78. Kioo kidogo usikitoe kwenye hesabu, kwa sababu vipande vya mbao vinavyokizunguka vinakula rangi karibu sawa na nafasi ya kioo chenyewe. Kioo kinachochukua theluthi ya mlango au zaidi, kitoe.

2. Zidisha kwa umbo la mlango. Futi kamba hupima mlango kana kwamba ni ubao ulionyooka, wakati brashi inaingia kwenye kila bonde na kupanda kila ukingo wa paneli. Mlango bapa wa plaiwudi zidisha kwa 1, yaani uache ulivyo. Mlango wa paneli zidisha kwa 1.2. Mlango wa luva zidisha kwa 2, maana kila ubao mdogo una mgongo, tumbo na kingo zake.

3. Ongeza kingo za mlango, zote nne. Jumla ya urefu wa kuuzunguka mlango wetu ni mita 6, na unene wa mlango wa nje huwa kama sentimita 4.5. Hiyo ni mita za mraba 0.27. Ni kidogo, lakini ukingo wa juu na wa chini ndimo nyuzi za mbao zilimokatwa wazi, na hapo mbao hunywa rangi kuliko mahali pengine popote. Mlango wa mabawa mawili una kingo nyingi zaidi, kwa hiyo lipime kila bawa peke yake.

4. Ongeza fremu. Hapa ndipo makadirio mengi yanapoharibika. Miimo miwili na kizingiti cha juu vina jumla ya urefu wa mita 5.1. Fremu ya inchi 6 kwa 2 huonesha upande mmoja wa sentimita 15 na pande mbili za sentimita 5, jumla sentimita 25. Zidisha 5.1 kwa 0.25, upate mita za mraba 1.28. Fremu peke yake inakula theluthi mbili ya rangi inayoliwa na uso mzima wa mlango bapa!

5. Amua idadi ya mikono. Kwa mlango wa mbele, mikono miwili ya rangi ya juu ndiyo ya chini kabisa. Praima na andakoti zina hesabu yake, tutaifikia.

6. Gawa kwa kiwango cha kufunika. Kopo huandikwa lita moja inafunika mita za mraba ngapi, mara nyingi kati ya 10 na 14. Namba ya juu hupatikana kwenye ubao laini usiokunywa rangi, na mkono wa aliyezoea. Tumia 12 kwa mbao laini iliyopigwa msasa vizuri, 10 kwa mlango wa kawaida uliochakaa, 8 kwa mbao kavu isiyorandwa sawasawa.

7. Ongeza asilimia 10. Hii ni rangi inayobaki kwenye nywele za brashi, pembeni mwa kopo na kwenye sakafu.

8. Linganisha jibu na makopo yanayouzwa. Dukani utakuta nusu lita, lita 1, lita 4 ambayo mafundi wengi huiita galoni, na ndoo ya lita 20. Maduka mengine yana robo lita pia.

Tuifanye hesabu yote pamoja

Mlango wa paneli, mita 2.1 kwa 0.9, fremu ya inchi 6 kwa 2, rangi moja nje na ndani, mbao laini:

Nyuso mbili: 3.78 × 1.2 = 4.54
Kingo: 0.27
Fremu: 1.28
Jumla: mita za mraba 6.09

Mikono miwili: 12.18
Gawa kwa 12: lita 1.02
Ongeza asilimia 10: lita 1.12

Angalia jibu hilo vizuri. Kopo la lita moja, ambalo mtu yeyote angelichukua dukani bila kufikiri, linapungua kidogo tu, na upungufu wa aina hiyo ndio unaomshawishi mtu kushika chupa ya tina. Nunua lita 1 na nusu lita, siku moja, duka moja.

Mlango bapa wa vipimo hivyohivyo unahitaji lita 0.98. Lita moja inatosha, lakini haina nafasi ya kukosea, kwa hiyo kama mkono wako haujazoea brashi, ongeza robo. Mlango wa luva unafika lita 1.7. Mlango wa mbao za kuunganishwa zisizorandwa vizuri hufika karibu 1.5 kwa kiwango cha 8, kwa sababu mkono wa kwanza hunywewa sana.

Kama hutaki hesabu ndefu

Robo lita ni uso mmoja wa mlango, mkono mmoja. Nusu ya robo ni fremu, mkono mmoja. Kwa hiyo pande mbili na fremu, mkono mmoja, ni kama lita 0.6, na mikono miwili ni lita 1.25. Kipimo hiki kinazidi kidogo hesabu ya juu, na kuzidi huko kunakufaa. Hakifai kwa luva, wala kwa mbao mbichi zisizopata praima.

Ukipaka upande wa nje tu

Uso mmoja wa paneli ni mita za mraba 2.27. Ongeza nusu ya fremu, 0.64, na ukingo wa wima mmoja, takriban 0.1. Jumla ni kama 3. Mikono miwili kwa kiwango cha 12 ni nusu lita kamili, na ukiongeza ya kupotea inapita nusu lita. Usinunue kopo la nusu peke yake.

Ni ukingo upi unaopata rangi ya nje? Mlango ukifungukia ndani, ukingo wenye kitasa huonekana na aliye ndani, kwa hiyo unapata rangi ya ndani. Ukingo wenye bawaba huonekana na aliye nje, nao unapata rangi ya nje.

Praima na andakoti

Mbao mpya isipakwe rangi ya juu moja kwa moja. Itanyonya mafuta ya rangi na kuacha unga wa rangi juu usio na cha kuushika. Praima ndiyo inayofunga matundu hayo. Kwa mlango wetu wa mita za mraba 6.09, gawa kwa 10 badala ya 12, ongeza asilimia 10, upate lita 0.67 kwa mkono mmoja. Kopo la lita moja linatosha na baki yake inafaa kurudia kingo za juu na chini. Andakoti, yaani rangi ya kati ya praima na rangi ya juu, hesabu kwa 12, yaani karibu lita 0.56.

Mlango wa zamani ambao rangi yake bado imeshika hauhitaji praima mwili mzima. Piga msasa (soma kwanza onyo la vumbi hapa chini) na upake praima mahali palipobaki mbao tupu.

Mbao yenye mafuta kama msaji, yaani mtiki, ifute kwa kitambaa chenye tina kabla ya praima. Vifundo vya paini hutoa utomvu, na utomvu huo hupenya rangi ukatokeza madoa ya kahawia. Vizibwe kwanza kwa sheleki.

Rangi yenyewe inabadilisha hesabu

Kijivu, kahawia na kijani kilichoiva hufunika haraka, mikono miwili inatosha. Nyekundu na njano zilizokolea zina uwezo mdogo wa kuficha kilicho chini, na fundi asiyelijua hilo atapaka mkono wa tatu na wa nne akidhani rangi ni mbovu. Dawa yake ni andakoti: kijivu chini ya nyekundu, nyeupe chini ya njano. Vivyo hivyo ukitoka rangi ya giza kwenda nyeupe. Kama hutaki andakoti, hesabu mikono mitatu tangu mwanzo, si baada ya kuona doa linachungulia.

Milango ya chuma na grili

Mlango wa bati nene uhesabu kama mlango bapa. Grili haipimwi kwa uso wake, kwa sababu sehemu kubwa ni hewa. Pima urefu wa vyuma vyote kwa pamoja, kisha:

Paipu ya mraba ya inchi 1 ina mita ya mraba 0.1 kwa kila mita ya urefu. Mita 10 za paipu ni mita moja ya mraba, hesabu rahisi kuliko zote.

Nondo ya milimita 12 ina 0.038 kwa kila mita. Inahitaji mita 26 hivi kufikisha mita moja ya mraba.

Grili yenye mita 24 za paipu ya inchi 1 ina mita za mraba 2.4. Mikono miwili kwa kiwango cha 12 ni lita 0.4. Kwenye vyuma vyembamba brashi hudondosha zaidi, kwa hiyo ongeza asilimia 20 badala ya 10, upate karibu nusu lita. Rangi ya kuzuia kutu ihesabu kando kwa namna hiyohiyo. Fundi akitumia mashine ya kupulizia kwenye grili, upotevu unaweza kufika nusu, maana rangi inapita katikati ya vyuma na kwenda na upepo. Kwa grili moja, brashi ni bora.

SANDUKU: Milango ya nakshi

Kama una mlango wa nakshi wa zamani kama ile ya Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, tafadhali usiupigie hesabu ya rangi ya mafuta. Rangi nzito hujaza mikato ya fundi wa nakshi, na kuitoa baadaye bila kuumiza mbao ni kazi ngumu mno. Milango hiyo hutunzwa kwa kusafishwa na kupakwa mafuta ya mbao. Mji Mkongwe uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000 na Lamu tangu 2001, kwa hiyo kabla ya kugusa mlango wa nje huko, pata ushauri wa mamlaka ya hifadhi ya mji.

Ukizungumza na fundi

Fundi anaposema "leta galoni" kwa mlango mmoja, si lazima awe na nia mbaya. Anaweza kuwa anajilinda asiishiwe, au anajua kwamba bei ya lita ndani ya galoni huwa nafuu kuliko ya kopo dogo. Mwambie kwa heshima: "Fundi, nimepima, pamoja na fremu ni mita sita na kidogo. Kwa mikono miwili naona lita moja na nusu. Wewe unaonaje?" Fundi mzuri atafurahi kupata mteja aliyepima, na huenda akakuonesha kitu ulichokisahau, kama vile mbao chakavu chini ya mlango. Mkubaliane pia kiasi cha tina, na tina inunuliwe na wewe.

Makosa ya kawaida

Kuacha ukingo wa chini. Hauonekani, kwa hiyo haupakwi. Maji ya mvua na ya kudeki hupanda kupitia hapo, mbao inavimba, na mlango unagoma kufunga. Ushushe mlango kwenye bawaba, upake ukingo huo praima na mikono miwili.

Kununua makopo kwa awamu. Angalia namba ya toleo kwenye kila kopo na uchukue yanayofanana. Kama rangi imechanganywa kwa mashine dukani, kachanganywe yote kwa wakati mmoja. Kabla ya kuanza, mimina makopo yote kwenye chombo kimoja kikubwa na ukoroge mpaka chini.

Kupaka rangi ya maji ya ukutani kwa sababu imebaki. Haikutengenezwa kwa ajili ya mlango unaoshikwa kila siku.

Kupaka wakati mbao ina unyevu. Baada ya mvua kubwa, subiri siku kadhaa za jua. Unyevu uliofungiwa ndani hutoka kwa kuinua rangi malengelenge, na lita zako zinabanduka nao.

ONYO: vumbi la rangi ya zamani

Rangi za mafuta za miaka ya nyuma zinaweza kuwa na madini ya risasi, na Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi katika damu kinachojulikana kuwa salama. Watoto ndio huumia zaidi. Usipige msasa mkavu wala kuchoma rangi ya zamani kwa moto. Lowesha, tumia msasa wa maji, vaa barakoa inayobana vizuri, tandika nailoni chini, na watoto wakae mbali mpaka umemaliza kufuta kwa kitambaa chenye maji.

Orodha ya kwenda nayo dukani

☐ Jumla ya mita za mraba, fremu na kingo zikiwemo
☐ Idadi ya mikono
☐ Lita za rangi ya juu, baada ya kuongeza asilimia 10
☐ Lita za praima na za andakoti
☐ Tina ya kutosha kuoshea brashi
☐ Msasa wa mkwaruzo wa kati na wa laini
☐ Puti ya mbao kwa nyufa
☐ Brashi ya inchi 2 kwa paneli na fremu, rola ndogo kwa mlango bapa

Kujikagua kazi ikiendelea

Usipake kutoka kwenye kopo kubwa. Pima robo lita kwa kikombe, imimine kwenye kopo dogo safi, uanze na uso mmoja. Uso ukiisha na kopo dogo limebaki na mabaki tu, unakwenda sawa. Ukimaliza uso wote na bado una nusu ya robo ile, unapaka nyembamba mno, na utahitaji mkono wa tatu. Robo ikiisha ukiwa katikati ya uso, ama mbao inanyonya kwa kukosa praima, ama unapaka nzito na muda si mrefu utaona rangi ikitiririka. Kagua upande huo kabla haujakauka, hasa kwenye kona za paneli.

Rangi itakayobaki ihamishie kwenye chupa ya kioo yenye ukubwa unaoendana nayo, ili juu kusibaki hewa nyingi, na uifunge kwa nguvu. Andika juu yake jina na namba ya rangi, namba ya toleo, tarehe, na lita zilizotumika kwa mlango huu. Iweke mbali na jiko na mahali watoto wasipofika. Utaihitaji pale ufunguo utakapokwaruza pembeni mwa kitasa.